Ufunguo wa Chumba cha Betri

Jumatatu, 3 Machi

Profesa anastaafu! Ametutangazia asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema mvua imeanza kunyesha. Ataondoka mwisho wa mwezi. Ufunguo wa chumba cha betri, ule anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, atamwachia mmoja wetu, na mwenye ufunguo ndiye mkuu wa maabara. Tunaofaa ni wawili tu, mimi na Bi Taratibu. Yaani niko peke yangu.

Bi Taratibu si jina lake. Anaitwa hivyo kwa sababu anachaji betri taratibu, anakoroga taratibu, hata mlango anaufunga taratibu mpaka hujui kama ametoka au bado yumo. Mimi wananiita Mheshimiwa. Sijui nani alianza. Nadhani ni heshima.

Sharti la Profesa ni hili. Alhamisi ya wiki ijayo wanakuja wageni kutoka kiwanda cha betri. Kila mmoja wetu ataleta betri yake, ataichaji mbele yao, kisha betri izungushe feni ndogo ya mezani. Watakayoipenda ndiyo itakayoamua. Nimefanya kazi chumba hiki tangu nywele zangu zilipokuwa nyingi. Nautaka ufunguo huo kuliko nilivyotaka kuoa. (Mke wangu asifike ukurasa huu.)

Nyumbani, habari mbaya. Mama mkwe amepasuliwa jicho na Jumamosi anakuja kupumzika kwetu. Nikauliza atakaa kiasi gani. Mke wangu akajibu, kwa muda. Sijui neno linalonitia baridi kama hilo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa nyumbani tayari. Chumba cha wageni kikijaa, mgeni hana pa kulala. Akikosa pa kulala, ataenda kwa mwanawe wa kiume, shemeji yangu, mwenye nyumba kubwa na roho ndogo. Hesabu nyepesi kabisa. Nimebeba kutoka stoo ya maabara tanuri bovu, maboksi ya majarida, mitungi mitupu ya gesi, na viti vya miguu mitatu ambavyo zamani vilikuwa na minne. Mlango nimeufunga kwa bega. Mke wangu ni muuguzi, amezoea wagonjwa wabishi. Akauliza takataka zote hizi za nini. Nikasema utafiti. Akanitazama kama anayesoma kipimajoto.

Niandike na kazi yenyewe, ili watakaosoma maisha yangu baadaye waelewe. Betri ya lithiamu ina upande hasi, na upande huo kwa kawaida ni grafiti, ile ile iliyo ndani ya penseli. Silikoni ingebeba lithiamu nyingi zaidi, mara kumi hivi kwa uzito ule ule. Ina kasoro moja tu. Ukichaji, lithiamu inaingia ndani yake na silikoni inavimba mara tatu na ushee. Ukiitumia, lithiamu inatoka na silikoni inasinyaa. Vimba, sinyaa, vimba, sinyaa, mwisho inapasuka vipande na betri kwisha habari yake. Ndiyo maana tunaitengeneza kwa chembe ndogo ajabu, zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, kwa sababu chembe ndogo huvumilia kuvimba.

Leo Bi Taratibu alipokwenda kula, nilichungulia chembe zake kwenye darubini ya elektroni. Tupu! Ni vitufe vyenye uwazi ndani, kama mayai yaliyonyonywa yakabaki maganda. Mwanamke huyu anaijaza betri hewa na kuiita sayansi. Nikaenda mbio kwa Profesa kumweleza. Profesa akasema, "Hm." Nimeihesabu kuwa ni kuniunga mkono.

Jumatano, 5 Machi

Msiba. Chembe zangu mimi si vitufe, ni vinyweleo, vimesimama juu ya karatasi ya shaba kama mswaki. Vilisimama. Leo nimevikuta vimelala vyote, kama nyasi zilizokaliwa na watu wanene. Kukuza vingine kunataka muda, na muda sina.

Nikapanga wizi. Siuiti wizi, nauita kuokoa mali ya maabara iliyo katika mikono isiyojua kuitumia. Nikavaa koti lenye mfuko mkubwa. Ndani ya mfuko, kopo na kijiko. Nikajizoeza nyumbani mbele ya kioo, kuchota huku uso ukiwa umetazama pengine. Mke wangu akapita, akarudi, akauliza kama naumwa shingo.

Nilipofika mezani kwa Bi Taratibu nikaanza na maneno ya kuzuga, kwamba unga wangu wa silikoni umekwisha, na maisha ya mtafiti yana majaribu yake. Hata sijamaliza kuzunguka mbuyu, akanipa kopo lake zima. Akasema anao mwingine. Nilisimama na koti langu kama mjinga. Mpango mzuri vile, umeharibika bure!

Akaongeza ushauri. Mchanganyiko ukishakauka juu ya shaba nisiupitishe kwenye rola kwa nguvu, kwa sababu ule uwazi wa ndani ndio mahali silikoni inapokwenda kuvimbia. Na chaji ya kwanza niipeleke polepole, ngozi ya nje ishike kwanza. "Usiikandamize, kaka," akasema. "Ukiikandamiza umeimaliza."

Mimi si mtoto. Mshindani akikwambia usikandamize, maana yake siri ya ushindi iko kwenye kukandamiza. Nimemkamata.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekandamiza! Nimepitisha kwenye rola mara ya kwanza, nikakaza, nikapitisha tena, nikakaza mpaka rola ikalia. Karatasi imetoka nyembamba, nzito, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ule utupu wote umetoka. Sasa ni silikoni tupu, hakuna hewa ya kulisha. Nikaikunja ndani ya pakiti laini ya betri, nikaichaji kwa haraka kama wanaume.

Matokeo! Mstari umepanda mpaka juu ya kioo cha kompyuta. Sijawahi kuona chaji nyingi namna ile ndani ya betri inayoenea kiganjani. Nikawaita watu. Nikamwita mfagiaji, nikamwita mhasibu aliyekuwa anapita kwenda chooni. Bi Taratibu akaja, akatazama sana, akauliza hii ni chaji ya ngapi. Nikasema ya kwanza. Akasema hongera. Akaiambia betri, si mimi, maana macho yake yalikuwa pale pale.

Jioni nikapitia kwa fundi seremala. Betri ya mkuu wa maabara haiwezi kusimama uchi mbele ya wageni. Nimemwagiza sanduku la mbao ngumu, kioo mbele, ukubwa ule ule wa betri, nyaya tu zitoke nyuma. Akauliza aache uwazi kidogo pembeni. Nikamwambia kama unywele utapita, silichukui. Alifurahi sana, akasema siku hizi watu hawajali kazi safi. Kwa mchonga mihuri nikaagiza na kibao cha shaba: MKUU WA MAABARA. Jina sikuweka. Cheo kinatosha, kila mtu atajua ni nani.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alifika jana. Jicho moja limefunikwa kwa pamba. Hilo lililobaki linaona kwa niaba ya yote mawili.

Mke wangu akafungua chumba cha wageni na boksi la majarida likamwangukia mguuni. Nikaonyesha masikitiko. Nikasema ni jambo la kusikitisha kweli, utafiti hauhamishiki, na shemeji ana vyumba vitatu vitupu. Mama mkwe akanikatiza kwa upole. Akasema nisijisumbue, mwanangu, yeye atalala na binti yake kitandani, kama zamani. Mke wangu akasema ni wazo zuri. Wakaingia, wakafunga mlango.

Kwa hiyo nimelala sebuleni, kwenye kochi fupi, miguu kwenye kigoda. Alfajiri mama mkwe akaja kusikiliza redio. Sauti juu, kwa sababu anasema jicho likiuma na masikio yanapungua. Viatu vyake ameviweka ndani ya tanuri langu. Anasema linafaa, lina mlango.

Jumatatu, 10 Machi

Betri inaniangusha. Chaji ya pili imetoa nusu ya ya kwanza. Ya tatu, nusu ya nusu. Ya nne sikuitazama, nilifunika kioo cha kompyuta kwa koti.

Bila shaka ni mashine ya kupimia. Ile nafasi niliyochomeka betri yangu iko mbali na feni, inapata joto. Nafasi nzuri anayo Bi Taratibu. Alipotoka nikazihamisha, yangu kwake, yake kwangu. Jioni nikaangalia. Yangu imeendelea kuporomoka, sasa kwa ubaridi. Yake haikutikisika. Mstari wake umelala sawa siku zote, umenyooka kama mtu asiye na la kusema. Akaona nimemhamisha. Alisogeza kiti chake akakaa karibu na nafasi mpya, akaendelea kuandika. Watu wa namna hii wananikera sana.

Nikakaa, nikafikiri, na sasa nimepata. Kumbe ni jambo dogo! Betri yangu ni bora kuliko zote duniani katika chaji ya kwanza. Basi nitatengeneza nyingine mpya, nene zaidi, yenye karatasi nyingi, nisiichaji kabisa. Itaingia kwenye sanduku ikiwa bikira. Chaji yake ya kwanza wataiona wageni. Ya pili hawatakuwepo, watakuwa wanakula.

Jumatano, 12 Machi

Sanduku limekamilika. Kazi safi kupita maelezo. Betri imeingia kwa kusukumwa na kidole gumba, hewa ikatoka ikilia, na kioo kikafungwa juu yake. Fundi akaligeuza juu chini akalitikisa. Kimya. Hakuna kinachocheza. Kibao cha shaba tumekigongelea juu kwa misumari midogo miwili, kinasomeka kutoka mlangoni.

La Bi Taratibu nimeliona. Aibu tupu. Kiboksi cha plastiki, betri imekaa katikati, imezungukwa na vipande vya sponji, na pembeni kuna uwazi wa kuingiza kidole. Ukilitikisa linacheza. Nilimwonea huruma, kwa kweli, nikamshauri alijaze magazeti. Akanishukuru. Akaniuliza, "Kaka, hili la kwako likivimba, litakwenda wapi?" Nikacheka kwa adabu.

Mgongo unauma. Mama mkwe anasema kochi ni zuri kwa mgongo. Yeye hajalala juu yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kwa ufupi na bila jazba.

Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao ni mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alikaa mbele, shajara yake magotini. Bi Taratibu alianza. Akachaji, taratibu, mpaka nikaona mmoja wa wageni anahesabu vigae vya sakafu. Ndani ya plastiki betri yake ilinenepa kidogo, sponji zikajibana, basi. Akaunganisha feni. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka muda wote uliofuata, na katika hayo yaliyofuata hakuna aliyeizima.

Nikasimama. Nikazungumza juu ya utupu na ujazo. Nikamwomba mgeni mkubwa asogee, aone kwa karibu. Nikafungulia chaji yote.

Mwanzo ilikuwa raha. Namba zikakimbia. Mgeni mkubwa akaandika kitu, mimi nikajipigapiga kifua kimoyomoyo. Kisha sanduku likasema kr. Nikakohoa juu ya sauti ile. Likasema kr tena, na safari hii hata kikohozi hakikufua dafu. Kona moja ya mbao ikafunguka. Kioo kikajaa kitu cha rangi ya fedha kilichokuwa kinakuja mbele, kikabonyea, kikapasuka. Kibao cha shaba kikaruka hewani, kikageuka mara kadhaa kwa madaha, kikatua juu ya magoti ya mgeni mkubwa.

Profesa alikuwa ameshakata umeme. Sikujua kama anaweza kukimbia. Akaibeba betri kwa koleo, akaizika kwenye ndoo ya mchanga, akarudi akiwa anafuta mikono. Harufu ilikuwa kama ya rangi ya kucha. Hakuna aliyeumia, niandike hilo.

Feni ya Bi Taratibu ikiwa bado inazunguka, mgeni mkubwa akakiokota kile kibao magotini, akakisoma. Akatazama meza zote mbili. Akamfuata Bi Taratibu na kumkabidhi kwa mikono miwili. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Hiki kimeanguka, mama. Nadhani ni chako. Hongera."

Jina! Ningeweka jina tu!

Bi Taratibu akanitazama. Angeweza kucheka, na wote wangecheka naye. Hakucheka. Akamwambia mgeni asante na kukitia mfukoni. Profesa akavua ile kamba ya kiatu shingoni. Mimi nikatoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, na masikio yalikuwa yanawaka. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu, aibu kweli, ile ya kutamani uwe na umri wa miaka sita ili uruhusiwe kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Profesa aliniita. Alikuwa amekata kipande cha karatasi yangu na kukiweka chini ya darubini ya elektroni. Akanionyesha. Vile vitufe vya Bi Taratibu vimelala vimebondeka, kila kimoja, kama mayai yaliyokanyagwa. Hata mimi moyo uliniuma kidogo.

"Kijana," akasema. Nina miaka arobaini na minne. "Silikoni itavimba tu. Kazi yetu si kuizuia. Kazi yetu ni kuipa pa kuvimbia." Akasema na mimi ningekuwa mtafiti hodari, akili ninayo, ila sijawahi kumwachia mtu wala kitu upenyo. Akanishika bega. Nilimshukuru. Nimeyatafakari maneno yake njia nzima ya kurudi nyumbani na nimeelewa tatizo lilipokuwa. Ile mbao.

Kabla sijaondoka, Bi Taratibu akanikuta kabatini navua koti. Ufunguo uko shingoni kwake, kamba ile ile ya kiatu. Akanirudishia kibao. Akasema nimekilipia mimi, na yeye mlangoni ataandika kwa kalamu, inatosha. Akasema pia amenigawia nusu ya mashine ya kupimia, ile nusu iliyo karibu na feni, na kopo jingine la unga liko mezani kwangu. Tuanze upya Jumatatu, pamoja. Nilitafuta hila ndani ya maneno yake. Sikuipata, na jambo hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yananinyookea! Jana nikiwa sipo, mke wangu na mama mkwe walifungua chumba cha wageni wakakipanga upya. Majarida yameingia uvunguni, mitungi imeenda uani, viti vimepewa jirani mwenye jiko la kuni. Tanuri limebaki, kwa ajili ya viatu. Mama mkwe amehamia humo na kitanda chake, na mimi nimerudi kwenye kitanda changu. Nimelala kama gogo. Mke wangu ananiambia ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na kwamba mama yake alikuwa anataka kurudi kwao juzi, ila alisubiri jicho langu mimi likubali kumtazama usoni. Nikamkumbatia.

Ila chumba sasa kimebaki na nafasi kubwa. Upande wa dirisha hakuna kitu kabisa. Na nimemsikia mama mkwe kwenye simu, anazungumza na dada yake, anasema huku kuna pa kujinyoosha. Kesho nitakwenda stoo. Kuna kabati la chuma ambalo watu wanne hawalinyanyui.

Mchana nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Nimempelekea betri mpya, ya unga ule alionipa Bi Taratibu, niliyoikandamiza Ijumaa kabla ya kufunga kazi, na safari hii rola haikulia, ilipiga yowe. Namtengenezea Bi Taratibu jambo la kumshangaza kesho asubuhi. Sanduku la chuma, unene wa kidole, limechomelewa pande zote, nami nimerudi nalo nyumbani. Kibao juu, kwa skurubu nne.

Mke wangu alikuja kuniita chakula, akaliona mezani. Akalinyanyua, akalitikisa karibu na sikio. Kimya. Akaniuliza ikivimba humo ndani itakuwaje.

Nikamwambia aondoe shaka. Haitavimba. Haina pa kuvimbia.